Ngozi ya Akina van Rooyen

Katika mashamba ya mashariki ya Rasi, Afrika Kusini, ukoo wa van Rooyen ulijulikana kwa mikono yake. Jua likiwapiga, migongo ya mikono ilitoka malengelenge. Wakijigonga kidogo tu, ngozi ilichunika. Wenyewe waliiita ngozi ya van Rooyen. Walilima nayo, wakazaa watoto wengi, wakazeeka nayo.

Geoffrey Dean, daktari aliyesomea Liverpool, alihamia Port Elizabeth mwaka 1947. Huko alikutana na muuguzi kijana aliyeumwa tumbo na kupewa dawa za usingizi za aina ya babitureti. Binti akapooza, akafa. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya mvinyo mwekundu. Dean hakuridhika kuandika cheti cha kifo na kugeukia mgonjwa mwingine. Aliuliza habari za ukoo wake, na ndipo aliposikia juu ya ile ngozi.

Ugonjwa wenyewe ni porfiria, jina litokanalo na neno la Kigiriki lenye maana ya zambarau. Mwili hutengeneza rangi nyekundu ya damu kwa hatua nane, kila moja na kimeng'enya chake. Kwa watu hawa kimeng'enya cha hatua ya saba ni dhaifu, hivyo vitu vya hatua za nyuma hurundikana: vikifika kwenye ngozi, ngozi huchomwa na mwanga. Babitureti huliamsha ini liongeze kasi ya kazi hiyo, na mrundikano ukizidi, neva huathirika.

Dean alipekua kumbukumbu za makanisa na kuzunguka shamba kwa shamba akitazama mikono ya watu. Koo nyingi zilizokuwa na ugonjwa zilikutana kwa mume na mke mmoja, waliooana huko Rasi mwaka 1688: Gerrit Jansz, aliyetoka Deventer, na Ariaantje Jacobs, mmoja wa mayatima wanane walioletwa kutoka Rotterdam, Uholanzi, wawe wake za walowezi.

Linaloniuma ni hili: kwa zaidi ya karne mbili urithi huo uliwasumbua wengi wao ngozi tu. Babitureti ziliingia hospitalini katika karne ya 20, na baadhi ya waliokuja kutibiwa wakauawa na dawa.

Mwaka 1996 watafiti wa Cape Town waliipata hitilafu ya jeni, na familia nyingi zilikuwa na ileile moja. Leo kipimo cha damu huwatambua wazao wa Ariaantje walioirithi kabla mpasuaji hajawagusa, hata wale ambao mikono yao haijawahi kutoka lengelenge.