Santuri za Bibi Zimerudi, Lakini Si Zote



Nyumba nyingi za mji wetu zilikuwa na sahani za santuri, nyeusi na nzito, ambazo zikianguka mara moja tu ndio mwisho wake. Ukiuliza leo ziko wapi utaambiwa zilivunjika, au ziliuzwa kwa mtalii, au aliyerithi nyumba alizitupa kwa kuona ni upuuzi usiofaa kukaa chumba kimoja na msahafu. Sisi hatukuwahi kurithi hata moja. Tulichofanya, kwa miaka kadhaa sasa, ni kukusanya nyimbo zile zile zilizotolewa upya: diski zenye vijitabu vyake, kanda za zamani ambazo bado zinazunguka, na mengine yanayokuja kwa flashi kutoka kwa jamaa walioko Muscat na London. Hukutana baina ya alasiri na magharibi, kwa kahawa na kashata, na mwezi mtukufu ukiingia tunafunga kabati.

Tunajua kwamba kauli za wanavyuoni kuhusu ala za muziki zinatofautiana, na hata sisi kwa sisi hatukubaliani. Mwenzetu mmoja hasikilizi kabisa. Hukaa jikoni mpaka wimbo umalizike, kisha huja na miwani yake akasoma maneno kwenye kijitabu. Ajabu ni kwamba yeye ndiye anayeyajua maneno kutushinda sisi tuliosikiliza.

Tuanze na aliyetangulia. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akawa akiuza vyungu mjini, na mwaka 1928 alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kurikodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Waliomsindikiza kwa ala na sauti, akina Subeti Ambar na Mbaruk, walikuwa wanaume. Mbele yao alisimama mwanamke. Taarab ya kasri ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Santuri za Siti ziliingiza Kiswahili cha Ng'ambo kwenye mashine ambayo mpaka hapo haikuwahi kukisema namna ile. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na wengi wetu tuliusoma skuli kabla ya kuisikia sauti yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa kizazi chetu: tulimjua Siti kwa macho, si kwa masikio.

Sauti tulikuja kuipata kwenye mkusanyo uitwao Poetry and Languid Charm, uliotolewa Uingereza na Topic Records mwaka 2007 kutokana na santuri za maktaba ya taifa ya huko. Ndani yake mna muziki wa Waswahili wa Tanzania na Kenya wa miaka ya 1920 hadi ya 1950. Mara ya kwanza tulipoucheza, mmoja wetu alisema redio imeharibika. Mkwaruzo ni mwingi. Lakini vumilieni dakika mbili, masikio yatazoea, na nyuma ya ule mkwaruzo kuna watu.

Jambo moja tulilojifunza ni hili. Uso mmoja wa sahani ile ulichukua kiasi cha dakika tatu tu. Shairi ambalo kwenye shughuli lingeimbwa na kurudiwa mpaka watu watosheke lililazimika kukatwa. Kwa hiyo mkisikia Siti akikimbia, au wimbo ukiishia ghafla kama mtu aliyefungiwa mlango, kosa si lake. Sahani ilikuwa imejaa.

Na wimbo wake tunaoufikiria zaidi ni Kijiti, unaohusu mauaji ya kweli. Mwanamke aliuawa, muuaji akakimbilia bara, na waliofungwa wakawa wanawake wawili waliojitokeza kutoa ushahidi, kwa sababu ya ulevi uliokuwapo usiku ule. Siti aliiimba hukumu hiyo. Wanawake wale hawakuwa na gazeti, wala wakili wa kuwasemea, lakini walikuwa na sauti moja iliyojua njia ya kufika kila barza.

Sasa tuvuke maji twende bara, maana nusu ya kabati letu ni bendi za dansi. Kuna kisa hapa kinachotufurahisha sana. Tangu mwaka 1933 kampuni ile ile ya His Master's Voice ilianza kutoa mfululizo wa santuri uliopewa herufi GV. Nyingi zilikuwa nyimbo za Cuba zilizokwisha kurikodiwa, zikachapwa upya ili ziuzwe Afrika. Zilienea Afrika Magharibi, Kongo na kwetu pia. Vijana wakazisikiliza, wakazirudia bila kujua Kihispania, kisha wakatia maneno yao. Kwa hiyo muziki wa dansi tunaouita wa zamani na wa asili yetu ulipata chakula chake kutokana na nyimbo zilizotolewa upya. Anayetucheka kwa kununua vilivyopita, basi na awacheke na hao.

Mmoja wa vijana hao ni Salum Abdallah, aliyeongoza Cuban Marimba ya Morogoro. Jina la bendi linasema lenyewe. Santuri zake zilitolewa Mombasa chini ya nembo ya Mzuri, na miaka mingi baada ya kifo chake kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilizikusanya kwenye diski iitwayo Ngoma Iko Huku, yenye nyimbo za 1955 hadi 1965. Alifariki mwaka huo wa 1965 kwa ajali ya gari. Msiomjua kwa jina mnamjua kwa Mkono wa Idi, maana Sikukuu haiishi kabla redio haijaupiga. Sisi wenyewe tuliucheza utotoni tukiwa tumeshika vijisenti vya sikukuu, na hakuna aliyetuambia mwimbaji ni nani.

Kwenye rafu hiyo hiyo kuna mkusanyo wa miaka ya 1990, uliotolewa na Original Music ya John Storm Roberts, wa nyimbo za Tanzania za miaka ya 1960. Unaitwa Dada Kidawa. Jina la mwanamke liko kwenye jalada, kubwa kabisa. Geuza usome waimbaji: wanaume. Bendi za wakati ule karibu zote zilikuwa hivyo. Kidawa anabembelezwa, mwingine anasutwa, mwingine analiliwa, lakini kipaza sauti hakuachiwa hata mmoja wao ajibu. Hatusemi nyimbo ni mbaya. Tunazipenda, na magitaa yale yana adabu ambayo siku hizi imepotea. Ila ukimcheza Siti wa 1928 kisha ukacheza dansi ya 1965, unapata swali: ilikuwaje miaka karibu arubaini baadaye mwanamke akawa anaimbwa badala ya kuimba?

Jibu letu, mtusahihishe tukikosea, ni kwamba wanawake hawakunyamaza hata siku moja. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa mbele ya mashine. Unguja hii, kabla ya Mapinduzi ya 1964, ilikuwa na vikundi vya taarab vya wanawake wenyewe, kama Nuru el-Uyoun na Sahib el-Ari, vikishindana kwa mashairi na kwa sare za nguo mpaka mitaa ikagawika. Katika mikusanyo yote tuliyo nayo hatujawapata. Na kitu kisichorikodiwa hakuna wa kukitoa upya, awe na pesa kiasi gani.

Hata waliorikodiwa hawakuwa salama. Bendi za bara za miaka ya 1970 zilirikodi Redio Tanzania, na kanda zikabaki huko. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo aliyetaka sahani alikwenda Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikawa ngumu. Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali Mombasa, Januari 1979, nyimbo zake zilikuwa zimeshachapwa Kenya. Ndiyo sababu ukawezekana mfululizo wa Ukumbusho, uliotoka sahani baada ya sahani, na baadaye kanda ambazo baba zetu walizibana kwenye dashibodi mpaka zikapinda kwa jua. Mwingine mwenye sauti kama yake, ambaye sahani yake haikuchapwa, hatuna namna ya kumlilia maana hatumjui.

Kwa upande wetu, kampuni ya Buda ya Ufaransa ilianza mfululizo wa Zanzibara mwaka 2005, ikifungua na Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905. Juzuu moja ni ya Bi Kidude peke yake. Alhamdulillahi kwa hilo, ingawa inauma kidogo kuwaagiza bibi zetu kutoka Paris na kuwalipia ushuru bandarini. Bi Kidude mwenyewe aliimba miaka mingi kabla ya kuwa na diski inayobeba jina lake, na alipofariki Aprili 2013 dunia ilikuwa ndiyo kwanza imemzoea.

Mwezi uliopita tulichukua redio ndogo na diski tatu tukaenda Kikwajuni kwa bibi mmoja, rika la mama wa mama zetu, aliyekuwa mwanachama wa mojawapo ya vikundi vile. Alisikiliza kimya. Kwenye wimbo wa pili alinyoosha kidole akasema maneno yaliyochapwa si sawa, mchapaji amesikia jina la mtu akadhani ni jina la mtaa. Tukasahihisha kwa penseli. Kisha tukamuuliza wao waliimba nini, akaimba, kwa sauti ndogo, mkono ukipiga goti.

Mmoja wetu akatoa simu. Bibi akanyamaza. Akasema amekwisha kwenda Hija, na sauti yake hataki ibaki duniani ikizunguka baada yake. Hatukubishana naye. Simu ikarudi mkobani, na yule mwenzetu wa jikoni, asiyesikiliza ala, akasogea karibu akaomba ruhusa ya kuandika tu. Bibi akakubali, akawa anasema pole pole kama anayemsomesha mtoto imla.

Tuna beti nne na nusu. Nusu iliyobaki alisema ataikumbuka, tukirudi baada ya Idi.