Wakili, Wasii na Mgonjwa: Historia ya Pengo Moja katika Sheria na Lugha

Kiswahili kina majina matatu ya zamani kwa mtu ashikaye mambo ya mwingine. Wakili ni yule aliyeteuliwa na mwenye mali angali hai na timamu. Wasii ni yule aliyetajwa katika wasia ili ashike mambo baada ya mwenyewe kufariki. Wa tatu ni walii, ambaye hakuchaguliwa na mwenye mali, bali huwekwa na sheria au na kadhi juu ya mtoto mdogo, au mwendawazimu, au mwari anayeozwa. (Walii kwa maana ya mcha Mungu mwenye karama ni habari nyingine.) Majina yote matatu yametoka katika Kiarabu, na yaliingia pwani pamoja na elimu ya fikihi. Lakini yakipangwa pamoja huonekana pengo: hakuna jina la mtu aliyechaguliwa na mwenyewe, angali na akili zake, ili amshikie mambo siku atakapokuwa hai lakini akili hana tena. Pengo hilo halikutokana na uhaba wa lugha. Limetokana na sheria.

Asili ya neno lenyewe yastahili kutazamwa kwanza. Shina lake la Kiarabu lina maana ya kukabidhi jambo kwa mwingine na kumtegemea, na ndilo lililozaa wakala, uwakili na hata tawakali, yaani kumwachia Mungu mambo. Katika Kiswahili kitenzi kuwakilisha kina umbo la kutendesha: kumwakilisha mtu, kwa maana yake ya awali, ni kumfanya awe wakili. Mwenye mali ndiye aliyewakilisha, na wakili ndiye aliyewakilishwa. Leo maana imegeuka, na husemwa ya kwamba mbunge anawakilisha jimbo lake, kana kwamba kazi yaanzia kwa mteuliwa na si kwa aliyemteua. Mageuzi hayo si dogo kwa msomaji wa hati za kale. Akisoma ya kwamba fulani amemwakilisha fulani, asipoangalia, atamdhania mwenye mali kuwa ndiye mtumishi.

Uwakili ulikuwa nguzo ya biashara kabla haujawa jambo la mahakama. Miongoni mwa Hadithi zitajwazo sana katika mlango huu ni ile ya Urwa al-Bariqi, aliyepewa na Mtume dinari moja anunue kondoo. Akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari pia. Huko Unguja mfano ulio mkubwa zaidi ni ule wa forodha. Jairam Shivji, aliyekodi forodha ya Sayyid Said, alirudi kwao Kutch, na shughuli za nyumba yake zikashikwa Unguja na Ladha Damji kwa niaba yake. Mapato ya dola yalipita mikononi mwa mtu ambaye bwana wake alikuwa ng'ambo ya bahari, na barua zilingoja misimu ya kaskazi na kusi. Umbali, basi, haukuwa kizuizi. Kizuizi kilikuwa maradhi ya akili.

Kitabu kilichotegemewa sana na makadhi wa madhehebu ya Shafii katika pwani ni Minhaj al-Talibin cha Imam al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Hukumu yake katika mlango wa wakala ni wazi: uwakili hukatika kwa kifo cha mmoja wa hao wawili, na kwa wazimu wake. Kisha yaongezwa ya kwamba hata kuzimia hukata uwakili, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Neno hilo la kuzimia ni zito. Mfanyabiashara aliyeanguka kwa homa na kupoteza fahamu kwa siku mbili huamka akiwa hana wakili tena, na hapana budi amteue upya.

Sababu yake ni ya mantiki, wala si ya ukatili. Tendo la wakili ni tendo la mwenye mali lililopitia mkono mwingine. Asiyeweza kuuza hawezi kuuziwa na wakili wake. Ipo pia sababu ya hadhari: mwenye mali timamu aweza kumwuzulu wakili wakati wowote, na uwezo huo ndio unaomzuia wakili asidhulumu. Akili ikiondoka, ulinzi huondoka nayo. Ndipo sheria ilipomkabidhi dhaifu huyo kwa walii. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ielezayo uandishi wa madeni, yaagiza ya kwamba mdaiwa akiwa mpungufu wa akili, au dhaifu, au hawezi kuimla mwenyewe, basi walii wake aimle kwa uadilifu. Hata hivyo walii huyo hakuteuliwa na mgonjwa kwa hiari yake. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo: mtu aliruhusiwa kumchagua wasii atakayetenda baada ya kufa kwake, ambapo hana akili wala uhai, lakini hakuruhusiwa kumchagua wakili atakayetenda awapo hai kitandani. Fikihi ilikitazama sana kitanda hicho, kwani hukumu za maradhi ya mauti ni nyingi, nazo humzuia mgonjwa asitoe zawadi kupita thuluthi ya mali yake. Yaani ziliupunguza uwezo wa mgonjwa; hazikumpa njia ya kuuhamisha.

Ingedhaniwa ya kwamba sheria ya Waingereza ilipofika ilileta njia nyingine. Haikuleta. Katika kesi ya Drew na Nunn, iliyoamuliwa mwaka 1879, mume alikuwa amempa mkewe idhini ya kununua kwa jina lake. Kisha mume akaingiwa na wazimu na kuwekwa hospitali, naye mke akaendelea kuchukua viatu kwa mkopo. Mume alipopona alikataa kulipa. Mahakama ilikubali ya kwamba wazimu uliukata uwakili wa mke, lakini ilimwamuru mume alipe kwa kuwa mwuzaji hakuwa na habari ya ugonjwa. Mwaka 1910, katika kesi ya Yonge na Toynbee, mzigo uliwaangukia mawakili wa mahakama: mteja wao alikuwa ameshapotewa na akili bila wao kujua, wakaendelea kumtetea, na mwishowe wakaamriwa walipe gharama za upande wa pili wao wenyewe. Imam al-Nawawi na majaji wa London, waliotenganishwa na zaidi ya karne sita, walikutana mahali pamoja.

Sheria ya Mikataba ya Bara Hindi ya mwaka 1872 iliitia kanuni hiyo katika maandishi, ikiuhesabu wazimu pamoja na kifo miongoni mwa mambo yaukatayo uwakili. Sheria hiyo ilivuka bahari ikatumika Afrika Mashariki. Tanganyika iliipokea mwaka 1920. Tanganyika ilipotunga sheria yake ya mikataba mwaka 1961, kanuni ilibaki ile ile. Kwa hiyo mtu wa Bagamoyo, ashike Minhaj au ashike sheria ya serikali, alipata jibu moja.

Mageuzi yalianza Marekani. Jimbo la Virginia lilipitisha mwaka 1954 sheria iliyoruhusu hati ya uwakili iendelee kuwa na nguvu baada ya mwenyewe kupotewa na akili, ilimradi hati yenyewe iseme hivyo. Mwaka 1979 sheria ya mfano ilitungwa kwa ajili ya majimbo yote. Uingereza ilichelewa. Tume yake ya Sheria ilitoa mwaka 1983 taarifa juu ya jambo hilo, na Bunge likatunga sheria mwaka 1985. Haja ilikuwa ya wazi: watu waliishi miaka mingi zaidi, na uzee mrefu uliwaletea wengi upotevu wa kumbukumbu. Watoto waliendelea kutumia hati za wazazi wao zilizokwisha kufa kisheria, ama kwa kutojua, ama kwa kuwa kwenda mahakamani kulikuwa ghali.

Lakini sheria ya 1985 ilihusu mali tu. Mwili ulikuwa jambo la pili, na ulikuja kwa njia ya huzuni zaidi. Nancy Cruzan, mwanamke wa Missouri, alipata ajali ya motokaa mwaka 1983, akawa hai bila fahamu, akilishwa kwa mpira. Wazazi wake waliomba mpira uondolewe. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1990 ya kwamba jimbo laweza kudai ushahidi ulio wazi wa matakwa ya mgonjwa mwenyewe, wala neno la wazazi peke yake halitoshi. Ushahidi zaidi ulipopatikana mpira uliondolewa, naye akafariki mwezi wa Desemba mwaka huo huo. California ilikuwa imekwisha kuruhusu, tangu 1983, uteuzi wa mtu wa kuamua juu ya matibabu. Baada ya kesi hii majimbo mengine yalifanya hima. Uingereza iliunganisha mambo yote mawili katika sheria ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika 2007, ikiwa na hati mbili mbalimbali: moja ya mali, nyingine ya afya na maisha ya mgonjwa.

Namna sheria hiyo ilivyojaribu kurudisha ule ulinzi uondokao pamoja na akili ndiyo sehemu yake iliyo bora. Sharti awepo mtu wa tatu athibitishe ya kwamba mteuaji afahamu atendalo na hakulazimishwa. Hati haifanyi kazi mpaka iandikishwe katika ofisi ya umma. Hati ya mali yaweza kutumika mapema kwa idhini ya mwenyewe, lakini ile ya afya hulala mpaka akili itakapoondoka. Na kuhusu matibabu ya kuokoa uhai, aliyeteuliwa hana la kusema isipokuwa ameruhusiwa kwa maneno ya wazi.

Katika Afrika Mashariki kanuni ya zamani haijang'olewa. Nchini Kenya, kwa sheria ya mwaka 1989, mahakama ndiyo imwekayo msimamizi wa mali ya mgonjwa wa akili, na huyo kwa hakika ni walii yule yule aliyevaa nguo mpya. Matibabu huamuliwa kwa shauri la ndugu waliosimama mlangoni mwa wodi, na aghalabu mkubwa wao ndiye asemaye. Desturi hiyo ina heshima yake, na mara nyingi hutosha. Haitoshi pale ndugu wanapogawanyika, au mke anaposema hili na kaka wa mumewe anaposema lile. Kwa upande wa fedha, kijana anayeijua namba ya siri ya simu ya bibi yake amekuwa wakili bila hati, bila shahidi na bila wa kumwuzulu.

Siku hati hizo zitakapotungwa kwa Kiswahili, watunzi watakabiliwa na neno. Wakili sasa humaanisha mwanasheria, na mgonjwa atadhani ni lazima amlipe mmoja. Wakala humaanisha mwenye kibanda cha kutoa fedha kwa simu. Sifa ya kudumu, ambayo ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi na majina ya Kiingereza, yapotosha, kwani uwakili huu haudumu milele: mwenyewe aweza kuufuta maadamu ana akili, na siku ya kifo chake hukoma, akaingia wasii. Lililo karibu na ukweli ni uwakili usiokatika kwa maradhi. Ni refu, lakini latumia kitenzi kile kile walichokitumia mafakihi waliposema ya kwamba uwakili hukatika, na mzee wa pwani atakayesomewa hati hiyo atajua mara moja ni kanuni gani inayoachwa.