Kashata Mkononi, Kahawa Chungu Kikombeni

Pangani ilikuwa mji wa sukari kabla haijajulikana kwa minazi na mkonge. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, matajiri wa Kiarabu walipanda miwa kandokando ya mto, wakaweka vinu vya kukamulia, na watumwa walioletwa kutoka bara ndio waliokata, waliobeba na waliokesha mbele ya masufuria ya kuchemshia. Sukari guru ilipakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni. Abushiri bin Salim, ambaye shuleni tunamsoma kama kiongozi wa vita dhidi ya Wajerumani, naye alikuwa na shamba la miwa huko huko. Wajerumani walimnyonga Pangani, Desemba 1889.

Mimi ni mzaliwa wa mji huo, na kazi yangu ni ushauri wa lishe hapa Tanga. Wengi wanaokuja kwangu wanataka kupunguza uzito, na karibu wote huanza kwa kunitajia wali, chapati na ugali wa usiku. Mimi nawauliza kwanza wanakunywa nini, tangu asubuhi hadi wanapolala. Wengine hushangaa. Lakini ukiifuata historia ya kinywaji cha pwani, utaona mahali hasa tulipoanza kunenepa.

Sukari ilitoka kwetu, ila ndani ya kinywaji cha kila siku haikuwemo. Maji ya mtungi yalifukizwa ubani ili yanukie, si kutiwa sukari. Dafu lilinywewa kama lilivyoangushwa. Na kahawa ilikuwa chungu. Babu yangu mzaa mama aliuza kahawa, na dele lake la shaba nimelishika mara nyingi nikiwa mtoto: bomba refu lililopinda mbele, mkaa ukiwaka chini, kitambaa kikiwa kimezungushwa kwenye mpini usimchome. Mkono wa pili ulishika vikombe viwili vidogo visivyo na mkono, akavigonganisha njia nzima, na kwa mlio huo watu wa barazani walijua amefika. Aliichemsha kahawa na tangawizi, nzito, bila hata chembe ya sukari. Mtu akitaka utamu alinunua kashata, ya nazi au ya karanga, akamega kidogo, akatafuna, kisha akapiga funda la kahawa. Penye uwezo ilikuwa haluwa, nayo huliwa kwa ncha za vidole. Kikombe chenyewe ni mafunda machache tu.

Desturi ile ilikuwa na akili ndani yake. Utamu ulitafunwa, na utamu wa kutafunwa una mwisho, maana meno huchoka na tumbo hupata habari. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichukua watu 15 wakawapa kalori 450 za ziada kila siku kwa wiki nne kwa njia ya soda, na kwa wiki nne nyingine kwa njia ya peremende za kutafuna. Walipotafuna, bila kuambiwa walipunguza vyakula vingine hadi hesabu ikarudi palepale. Walipokunywa hawakupunguza kitu, na uzito ukapanda. Niliposoma matokeo yale niliwakumbuka wazee wa baraza. Kashata zao walizila mchana kweupe, na sikumbuki mwenye kitambi miongoni mwao. Ni kweli pia kwamba walitembea sana na kufanya kazi nzito, na hilo siliondoi kwenye hesabu.

Kilichogeuza mambo ni chai. Ililetwa na wafanyabiashara wa Kihindi na watawala wa Kizungu, na kabla ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa tayari inalimwa Usambara na Mufindi. Kiwanda cha sukari cha TPC, kule Arusha Chini karibu na Moshi, ni cha miaka hiyo hiyo ya 1930. Majani na sukari vikawa karibu, na namna ya kupika tukaichukua kwa Wahindi: maji, maziwa, majani, iliki na sukari, vyote ndani ya sufuria moja. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Sukari ikishaingia sufuriani, mnywaji hana uamuzi tena. Anayepika ndiye anayeamua kwa nyumba nzima, mtoto na mgonjwa wa kisukari pamoja, naye hupima kwa mkono uliozoea kukirimu.

Miaka ya mwanzo ya 1980 sukari iliadimika Tanzania. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni hazikuwepo, na tulipanga foleni kwenye duka la ushirika tukitumaini kupata kilo moja. Mama yangu aliifungia sukari ndani ya sanduku la nguo, chini ya kanga zake, na ufunguo akaufunga kwenye pindo. Asubuhi tulikunywa chai kavu kwa muhogo wa kuchemsha. Siisifu dhiki ile. Watu waliumia, na watoto walikosa mengi zaidi ya sukari. Ila ndiyo iliyofanya soko lilipofunguliwa kuanzia 1984, na zaidi baada ya Rais Mwinyi kushika madaraka 1985, utamu upokewe kama haki iliyorudi. Vijiko vikaongezeka. Soda ikawa heshima. Mgeni akibisha hodi, mtoto alikimbizwa dukani na chupa tupu, na kumwekea mgeni maji matupu ikawa kama kumfukuza.

Kisha likaja jambo ambalo vitabu vya lishe vya nje havilitaji. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na jirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo Slim kwa jinsi ulivyomkausha mtu. Kwa miaka ishirini na zaidi kukonda kukawa ni kushukiwa. Pwani mwili ulionawiri ulikuwa sifa tangu zamani, mwari alifungiwa ndani akalishwa vizuri hadi siku ya harusi. Sasa unene ukawa pia ushahidi kwamba mtu ni mzima. Hadi leo mama akipungua kilo nne kwa hiari yake, majirani humwuliza kwa sauti ya chini kama anaumwa. Nimewaona walioacha mazoezi na kurudia soda ili tu maswali hayo yakome. Wanaowacheka watu hawa kuwa hawana nidhamu hawajui walichopitia.

Hesabu nayo ifanywe waziwazi. Kijiko cha chai kilichojaa kina gramu 5 hivi za sukari, na gramu moja ni kalori 4. Vikombe vinne vya vijiko vitatu vitatu ni kalori 240. Soda moja ya mililita 350 inaongeza kama 150. Jumla inakaribia kalori za gramu 300 za wali uliokwisha kupikwa, na mtu atakuambia kwa moyo safi kwamba tangu asubuhi hajala kitu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya kalori za siku, na ikiwezekana nusu ya hapo, yaani kama gramu 25. Mtu wetu huyu amekwisha kunywa karibu 97. Bia haina tofauti kubwa, kwani chupa ya nusu lita hubeba kalori kama 200.

Kwa hiyo ninaowashauri siwaanzishii na kunyimwa wali. Kazi ya kwanza ni kuitoa sukari sufuriani na kuiweka mezani kwenye bakuli lake. Wiki ya kwanza kila mtu ajitilie atakavyo, ila ahesabu vijiko. Halafu anapunguza nusu kijiko, anakaa hapo mpaka ulimi uzoee, anapunguza tena. Glasi mbili za maji kabla ya kula husaidia pia. Watu wa makamo na wazee waliofanya hivyo katika jaribio la Virginia lililotangazwa 2010 walipungua kama kilo mbili zaidi ya wenzao kwa wiki 12, wote wakiwa wanakula chakula kilichopunguzwa. Kashata siikatazi. Mtu akitaka kipande kimoja, akitafune na kahawa chungu, basi.

Panaponisumbua zaidi ni shughulini. Kwenye khitma na arusi chai bado hupikwa na sukari yake ndani ya sufuria kubwa, na anayeiacha huonekana anamdharau mwenye shughuli. Wapishi wa shughuli hapa mtaani nimeanza kuwaomba jambo moja: wapike sufuria mbili, moja bila sukari yenye tangawizi nyingi, zote ziletwe kwenye birika zinazofanana, na kashata zipite kwenye sinia. Wawili wamekubali kujaribu mfungo sita huu, zitakapoanza arusi.