Kontrol boksi mbadala la pikipiki katika nyanda za kati za Tanzania

Kontrol boksi mbadala ni kompyuta ya injini inayofungwa kwenye pikipiki ya nozeli badala ya ile iliyotoka nayo kiwandani, au sambamba nayo. Kompyuta hiyo huamua mambo mawili kila injini inapozunguka: nozeli inayonyunyiza petroli ifunguke kwa muda gani, na plagi irushe cheche wakati gani. Mkoani Dodoma na maeneo jirani, mafanikio ya kifaa hiki hutegemea zaidi mwinuko wa nchi, vumbi, ubora wa petroli na umakini wa aliyeunga nyaya kuliko jina la kampuni lililobandikwa juu ya boksi.

Chimbuko

Kawasaki Z1000-H1 ya mwaka 1980 ni miongoni mwa pikipiki za kwanza kuuzwa zikiwa na mfumo wa nozeli unaoendeshwa kwa umeme. BMW ilifuata mwaka 1983 kwa K100. Kwa miaka 20 hivi mfumo huo ulibaki kwenye pikipiki kubwa, hadi mwaka 2003 Honda ilipoufunga kwenye skuta ya sisi 50 nchini Japani. India, ambako hutoka sehemu kubwa ya pikipiki za Afrika Mashariki, ilianza kutumia kanuni kali za moshi Aprili 2020, na viwanda vyake vikalazimika kuachana na kabureta kwenye karibu kila pikipiki inayouzwa humo ndani.

Zinazoletwa Afrika ni habari nyingine. Boxer na TVS zilizojaa kwenye vijiwe vya bodaboda vya Dodoma ni za kabureta na sidiai, yaani kisanduku kinachoamuru cheche. Fundi aliyezoea kubadili sidiai huichomoa mbovu, huchomeka mpya, na abiria hupanda. Kontrol boksi halibadilishwi hivyo, na hapo ndipo hasara nyingi huanzia. Pikipiki ya nozeli humfikia fundi huyo kwa nadra: ni pikipiki kubwa iliyonunuliwa ikiwa imetumika, au ya msafiri aliyepita Dodoma kwenye ile Barabara Kuu ya Kaskazini inayotoka Iringa kwenda Kondoa, Babati na Arusha.

Aina

Maboksi yako ya namna mbili. La kwanza ni la kudandia: hukaa kati ya kontrol boksi la kiwandani na nozeli, likirefusha au kufupisha muda wa nozeli kufunguka. Power Commander ya kampuni ya Dynojet ya Marekani ndilo linalojulikana zaidi, na Rapid Bike ya Italia ni ya kundi hilohilo. Likiharibika njiani, huchomolewa na pikipiki ikaendelea kama ilivyotoka kiwandani.

La pili huchukua kazi yote. Humo wamo MoTeC wa Australia wanaotengenezea mashindano, aRacer wa Taiwan waliojikita kwenye skuta na pikipiki ndogo, na maboksi ya wapenda ufundi. Bruce Bowling na Al Grippo walianzisha MegaSquirt huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili mtu aweze kujiungia kompyuta ya injini mwenyewe. Tawi lake dogo, MicroSquirt, linatosha chini ya kiti cha pikipiki. Speeduino, iliyoanzishwa na Josh Stewart wa Australia, hutumia bodi ya Arduino na michoro yake iko wazi kwa yeyote. Kijana anayesoma umeme VETA Dodoma au kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dodoma anaweza kuielewa Speeduino mstari kwa mstari, na kwa maoni ya mwandishi huo ni mlango mzuri zaidi wa kuingilia fani hii kuliko boksi lililofungwa kwa gundi nyeusi.

Hewa ya Dodoma

Mji wa Dodoma uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa, ambayo Dar es Salaam ni kilopaskali 101, hapa hushuka hadi karibu 89. Kila pistoni inaposhuka, silinda huvuta hewa pungufu kwa zaidi ya asilimia kumi. Kabureta haina habari: huendelea kumwaga petroli kama iliyo pwani, plagi ikawa nyeusi na pikipiki ikala mafuta, hadi fundi apunguze jeti au ashushe sindano.

Pikipiki ya nozeli inajua. Kontrol boksi la kiwandani husoma kanieneo na kupunguza petroli lenyewe. Kwa hiyo mteja anayeambiwa anunue boksi jingine kwa sababu "hewa ya huku nyepesi" anauziwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Nguvu iliyopotea kwa mwinuko imepotea kwa sababu hewa yenyewe haipo, na hakuna jedwali la mafuta linaloweza kuirudisha.

Tatizo la mwinuko huja baada ya boksi kubadilishwa. Maboksi mbadala hukadiria hewa kwa njia kuu mbili. Moja hupima kanieneo ndani ya manifodi. Hewa ikipungua, kipimo hushuka na petroli hupungua. Nyingine huangalia throto imefunguka kiasi gani na injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, kisha husoma kwenye jedwali. Njia hii ya pili hupendwa kwenye pikipiki za mashindano kwa sababu kanieneo ya manifodi ya silinda moja hurukaruka na ni ngumu kusoma. Lakini haioni mlima.

Safari ya Dodoma hadi Iringa inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Barabara hushuka hadi bwawa la Mtera, karibu mita 700, kisha hupanda kupitia Migori na mlima Nyang'oro hadi Iringa, zaidi ya mita 1,500. Maboksi mengi husoma kanieneo ya nje mara moja tu, pale ufunguo unapowashwa. Aliyewasha Mtera baada ya kupumzika na kupanda bila kuzima atafika juu ya Nyang'oro na kipimo cha bwawani. Ikiwa boksi linafuata throto peke yake, injini itakuwa imezidishiwa petroli: itatoa moshi mweusi na kukosa mvuto palepale inapohitajika. Tiba ni kufunga sensa ya pili ya kanieneo inayosoma hewa ya nje muda wote. Ni sensa ndogo yenye nyaya tatu, na kwa pikipiki ya nyanda za kati inapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya boksi.

Ufungaji

Injini hupimwa kwanza. Valvu zisizo na nafasi sahihi, mgandamizo hafifu au mpira wa manifodi uliopasuka havitibiwi na kompyuta. Pampu nayo ipimwe kwa geji: Honda ndogo nyingi hutumia takriban kilopaskali 294, Yamaha 250. Kipimo kikiwa chini ya hapo, chanzo kitafutwe kwenye kichujio cha tangi kabla ya kugusa waya wowote.

Kisha huja sensa ya krenki. Pembeni ya magneti kuna meno, na jino moja au mawili hayapo makusudi ili kompyuta ijue krenki iko wapi. Sensa nyingi za hapo ni za sumaku zenye nyaya mbili, na nyaya hizo zina upande. Zikigeuzwa, pikipiki inaweza kuwaka na hata kunguruma vizuri ikiwa kwenye silensa, yaani bila kuvutwa, lakini ikivutwa kasi taimingi husogea na injini hukatakata. Fundi asiyejua atabadilisha plagi, koili na petroli, ilhali kosa liko kwenye nyaya mbili zilizopishana. Ndiyo maana taa ya taimingi haikwepeki: alama ya kwenye magneti ilinganishwe na namba inayosomeka kwenye kompyuta mpakato, injini ikiwa taratibu na ikiwa kasi.

Waya wa arthi wa boksi na wa sensa hukutana mahali pamoja na kwenda betri, bila kushirikiana na arthi ya koili. Viungo vilehemiwe kwa risasi na kufunikwa, kisha nyaya zifungwe zisicheze, kwa maana barabara ya changarawe ya Chamwino hutikisa kila kitu. Nozeli nayo huchelewa kufunguka, kwa kawaida karibu milisekunde 1, na betri inapodhoofika huchelewa zaidi. Injini ndogo ikiwa kwenye silensa hufungua nozeli kwa milisekunde chache tu, hivyo kosa dogo kwenye kipimo hiki huonekana kila asubuhi wakati wa kuwasha.

Jedwali la mafuta hupangwa kwa kufuata sensa ya oksijeni ya wigo mpana iliyofungwa kwenye ekzosi. Petroli huungua kikamilifu kwa gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1. Injini inapobanwa kwa nguvu zote hupewa petroli zaidi, hewa ikiwa 12.5 hadi 13. Sensa ya kawaida ya kiwandani huweza kusema tu kwamba petroli imezidi au imepungua, bila kusema kiasi gani, kwa hiyo haitoshi kwa kazi hii. Kupanga kwa kusikiliza mlio, kama wafanyavyo wengi kwenye kabureta, huunguza pistoni.

Vumbi na petroli

Mvua za Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni vumbi na upepo, na chujio la hewa huziba haraka kuliko kitabu cha pikipiki kinavyotarajia. Boksi linalofuata throto peke yake halioni chujio lililoziba, kama lisivyoona mlima. Humwaga petroli ileile kwa hewa iliyopungua. Kubadili boksi na kutoa kabisa chujio ili injini "ipumue" ni kosa baya kuliko yote katika nchi hii ya vumbi, kwa sababu mchanga hula silinda.

Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Hata hivyo vijijini petroli bado huuzwa kwenye chupa kando ya barabara, na hakuna anayejua imekaa siku ngapi. Jedwali la cheche lililoandaliwa kwa petroli bora ya Ulaya au Japani huwasha mapema; likikutana na petroli dhaifu injini hugonga, na kugonga huko hutoboa pistoni. Kwa matumizi ya huku, cheche ichelewe kidogo, ingawa nguvu itapungua kidogo pia.

Anayelihitaji

Boksi mbadala lina maana kwa aliyepanua silinda au kubadili nozeli, kwa anayegeuza injini ya kabureta kuwa ya nozeli, na kwa mwenye pikipiki ambayo kontrol boksi lake limekufa na jingine halipatikani. Huyu wa mwisho ndiye mteja wa kweli wa nyanda za kati. Mwenye pikipiki nzima ya sisi 150 anayetafuta mwendo zaidi asubiri. Fedha za boksi zinunue chujio, mnyororo na matairi. Na kila anayebadilisha ahifadhi boksi la kiwandani pamoja na soketi zake bila kukata waya, kwa kuwa kwenye pikipiki nyingi kubwa ndilo linaloutambua ufunguo, na ndilo litakaloirudisha pikipiki barabarani siku lile jipya likigoma.