Safu ya Lugha: Gitaa Hupigwa

Vijana wanaosimulia gemu husema Ellie wa The Last of Us Part II (2020) "anacheza gitaa". Hapana! Hicho ni Kiingereza kilichovishwa kanga: wenzetu wana kitenzi kimoja cha mchezo na cha ala. Sisi tunatenganisha. Gitaa, kinanda na ngoma hupigwa, filimbi hupulizwa. Anayecheza ngoma anatikisa mwili, anayeipiga ni mwingine.

Gemu yenyewe iko upande wetu: unachagua sauti, unapitisha kidole kwenye pedi ya PlayStation, nyuzi zinalia. Naye Link, katika gemu ya Ocarina of Time ya 1998, anapuliza okarina, aina ya filimbi. Basi semeni sawasawa: wewe unacheza gemu, Ellie anapiga gitaa.