Panga za Feleji za Maniema na Mipini Yake Mipya

Kibombo, mji wa Maniema, mashariki mwa Kongo, ulio katika nchi ya Wakusu kusini mwa Kindu, ulikuwa ndani ya eneo ambalo tangu miaka ya 1870 lilitawaliwa na nguvu za Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ambaye misafara yake ya pembe na watumwa iliunganisha Kasongo na Nyangwe na pwani ya Unguja. Pamoja na bunduki, misafara hiyo ilileta upanga wa feleji, yaani upanga mrefu ulionyooka wenye makali pande mbili, ambao Waarabu, na Waungwana waliofuata mavazi, dini na lugha yao, waliuvaa kwa ajili ya cheo kuliko kwa ajili ya vita.

Upanga huo haukuwa kazi ya fundi mmoja. Vyuma vyake vingi vilifuliwa Ulaya, hasa Solingen nchini Ujerumani, vikavuka bahari bila mpini, na mafundi wa Omani na Unguja ndio waliovitia mpini mrefu wa mviringo usio na kinga ya mkono, uliovishwa ngozi au nyuzi za fedha. Mpini ulipochakaa ulibadilishwa, kwa kuwa msuka, yaani sehemu nyembamba ya chuma inayozama ndani ya mpini, hudumu kuliko mti na ngozi.

Nyangwe na Kasongo zilipotekwa na jeshi la Francis Dhanis, ofisa wa Dola Huru la Kongo, mwaka 1893, silaha za mabwana wake zikawa nyara za maofisa, na Ulaya ikaanza kuzitamani. Hapo ndipo ufundi ulipogeuka biashara ya hila: fedha mpya hutiwa weusi kwa dawa yenye salfa, kisha mpini wa jana huuzwa kuwa wa karne ya 19. Wakusanyaji nao si mahakimu wa kutegemewa, kwani kwa miaka mingi waliuita “upanga wa Zanzibar” upanga mfupi wenye mpini wa umbo la herufi H ambao asili yake ni Moroko, na ambao mara nyingi ulitengenezwa kwa vyuma vya panga na singe za Ulaya.

Mpini uliobadilishwa haupunguzi ukale wa chuma. Lakini upanga usio na hati ya kuonyesha ulitwaliwa wapi na nani haustahili kuuzwa kwa jina la Maniema, hata kama chuma chake ni cha Solingen.