Mechi 40, vipigo 33: msimu wa Rochdale, 1931-32

Mwenzenu nimepotea kidogo, si kwa ubaya, ni haya mambo ya semina na ripoti zisizoisha. Wiki iliyopita nilikuwa vimbweta na rundo la makaratasi ya historia ya ushirika. Mnajua wenyewe, ukisoma ushirika huwezi kurasa mbili kabla hujakutana na jina la Rochdale. Enzi hizo ulikuwa mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza, jimbo la Lancashire. Watu 28 walichanga pauni 28, na tarehe 21 Desemba 1844 wakafungua duka mtaa wa Toad Lane, wakauza unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa. Kanuni yao kubwa: mwanachama mmoja, kura moja, hata kama mfuko wako umejaa kuliko wa mwenzako. Kanuni hiyo ndiyo iliyosafiri dunia nzima mpaka ikafika Tanganyika, ikapata sheria yake ya vyama vya ushirika mwaka 1932, na mwaka 1933 kule Kilimanjaro ikazaliwa KNCU.

Sasa mimi na ugonjwa wangu wa mpira, nikajiuliza: hivi huo mwaka 1932 timu ya mpira ya Rochdale ilikuwa inafanya nini? Nikachimba. Jamani! Nilichokikuta kimeninyima usingizi, na leo nawamwagieni.

Tuanze na ligi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa uchungu. Mwaka 1921 Ligi ya Uingereza iliunda Daraja la Tatu Kaskazini, na Rochdale wakaingia mwaka huohuo. Daraja hilo ndilo lilikuwa la chini kabisa, upande wa kusini kulikuwa na pacha wake. Kupanda ilikuwa shughuli pevu, kwa sababu bingwa peke yake ndiye aliyekwenda Daraja la Pili. Ukiwa wa pili, hongera, rudi mwakani. Na ukimaliza mkiani hukushuka moja kwa moja kama tulivyozoea sisi. Ulitakiwa uende kwenye mkutano mkuu wa ligi, upige magoti, uombe kura upya. Wakikukubali umebaki. Wakimpenda mwombaji mwingine kutoka nje, wewe umedisko.

Na kura hizo zilikuwa za nani? Hapa ndipo mtu wa ushirika lazima atabasamu. Klabu 44 za madaraja mawili ya juu ndizo zilizokuwa wanachama kamili. Hawa wa Daraja la Tatu walikuwa wanachama washiriki tu, kundi zima lina vijikura vya kuhesabu kwa vidole. Yaani timu kutoka mji uliofundisha dunia "mtu mmoja, kura moja" maisha yake yalikuwa mikononi mwa wakubwa ambao haichezi nao hata mechi moja ya ligi.

Msidhani Rochdale walikuwa wabovu tangu kuzaliwa. Msimu wa 1923-24 walimaliza na pointi 62, Wolverhampton Wanderers wakamaliza na 63. Pointi moja tu! Rochdale walifungwa magoli 26 katika mechi 42, wakapoteza mechi 5 tu, na bado hawakupanda. Msimu wa 1926-27 wakawa wa pili tena, nyuma ya Stoke City. Mkiwa kwenye daraja linalopandisha mmoja, kuwa wa pili mara mbili ni sawa na kunusa pilau la jirani.

Halafu mambo ya nje ya uwanja yakaanza kuharibika. Lancashire iliishi kwa pamba. Mwaka 1913 Uingereza iliuza nje takribani yadi bilioni 7 za vitambaa vya pamba, sehemu kubwa zikienda India. Kufikia 1931 mauzo yalikuwa chini ya theluthi moja ya hapo. Wahindi walikuwa wanasuka na kufuma vya kwao na kususia vya Mwingereza, Wajapani nao wameingia sokoni kwa bei ya chini, na juu yake mdororo wa uchumi wa dunia. Viwanda vikafunga milango. Septemba 1931, msimu ukiwa umeanza tu, Gandhi mwenyewe alikwenda Lancashire, akafikia Darwen, akaonana na wafanyakazi waliokosa kazi. Walimpokea vizuri, kuna picha yake maarufu amezungukwa na akina mama wa kiwandani wanashangilia. Yeye akawaeleza kuwa umaskini wa India ni mkubwa kuliko wao. Mwezi huohuo Uingereza ikaacha kufungamanisha sarafu yake na dhahabu, na serikali ikakata posho ya wasio na kazi: mwanaume mtu mzima akashuka kutoka shilingi 17 kwa wiki hadi shilingi 15 na peni 3. Novemba wakaanza kukagua mpaka mapato ya nyumba nzima kabla ya kuendelea kumpa mtu posho.

Sasa piga hesabu. Kiingilio cha chini cha mechi ya ligi kwa mtu mzima kilikuwa shilingi 1. Ukiwa na 15 za wiki nzima, kuna kodi, kuna mkate, kuna makaa ya kupashia nyumba joto, hiyo shilingi ya kwenda kuangalia timu inayofungwa utaitoa wapi? Hiyo ndiyo hali iliyokuwa ikinyonga timu ndogo, hata kabla refa hajapuliza filimbi.

Wa kwanza kukata pumzi walikuwa jirani zao, Wigan Borough. Wigan ulikuwa mji wa makaa ya mawe na wa raga, mpira wetu huu kule ulikuwa mgeni. Lakini msiwadharau. Januari 1929 walicheza Kombe la FA na Sheffield Wednesday, uwanja wao wa Springfield Park ukajaza watu zaidi ya 30,000. Walifungwa 3-1, na hao Wednesday ndio wakawa mabingwa wa Uingereza msimu huohuo. Miaka miwili na ushee baadaye hela hakuna. Tarehe 24 Oktoba 1931 wakaenda Wrexham wakala mkono, tano bila, na tarehe 26 wakajitoa kwenye ligi. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kujitoa katikati ya msimu. Mechi zao 12 zikafutwa zote kwenye msimamo, magoli yakafutwa, pointi zikafutwa, kana kwamba hawakuwahi kuvaa viatu. Ndiyo maana msimu huo timu zilibaki 21 na kila moja ikacheza mechi 40 badala ya 42.

Sasa rudini Rochdale, uwanja wa Spotland. Tarehe 7 Novemba 1931, siku 12 tu baada ya Wigan kujitoa, Rochdale waliifunga New Brighton 3-2. Shangwe! Nani angejua. Baada ya hapo walifungwa mechi iliyofuata, na iliyofuata, na iliyofuata, mpaka zikatimia 17 mfululizo. Novemba yote, Desemba, Januari, Februari, mpaka Machi 1932. Kwenye ligi ile ni Darwen tu waliokuwa wamewazidi, vipigo 18 mfululizo msimu wa 1898-99, Darwen hiyohiyo aliyofikia Gandhi. Lancashire ina mambo.

Sikukuu ya Krismasi 1931 walikwenda kwa Tranmere Rovers. Enzi hizo wenzetu walicheza mpira Krismasi, wala haikuwa ajabu. Wakapigwa 9-1. Hebu fikiria wewe ni mchezaji wa Rochdale, umeiacha familia mezani, umepanda treni, umefungwa tisa, na unarudi usiku ukijua hiyo ni moja tu kati ya mechi nyingi. Mshahara wa juu kabisa kwa mchezaji Uingereza nzima ulikuwa pauni 8 kwa wiki wakati wa msimu, na timu za daraja hili haziwezi kufika huko. Kwa kifupi, walikuwa shamba la bibi: kila mwenye njaa ya pointi alipita kuvuna.

Gundu lilivunjwa Machi kwa sare ya 1-1. Na nani? New Brighton walewale! Sijui kama kuna timu iliyoombewa heri na mashabiki wa Rochdale kama ile.

Msimamo wa mwisho ulisomeka hivi: mechi 40, kushinda 4, sare 3, kufungwa 33. Magoli ya kufunga 48, ya kufungwa 135. Pointi 11 (wakati huo ushindi ulikuwa pointi 2). Timu iliyokuwa juu yao ilikuwa na pointi zaidi ya mara mbili ya hizo. Linganisha na ile timu ya 1924 iliyoruhusu magoli 26 tu, miaka minane nyuma! Rekodi ya vipigo 33 haikupitwa mpaka msimu wa 1997-98, Doncaster Rovers walipopoteza 34, na hao walicheza mechi 46. Juu ya msimamo huohuo wa 1932 Lincoln City na Gateshead walifungana pointi 57 kila mmoja, Lincoln akapanda kwa wastani wa magoli. Gateshead naye akabaki kunusa pilau.

Basi ikaja siku ya kuomba kura. Mnafikiri nini kiliwapata? Mwaka mmoja tu kabla, Nelson, jirani mwingine wa Lancashire, alimaliza mkiani akapigiwa kura ya kutoka, nafasi yake akapewa Chester. Na Nelson hakuwa mtu wa mchezo: alikuwa bingwa wa daraja hilo mwaka 1923, na mwaka huohuo alikwenda Hispania akaifunga Real Madrid 4-2 kwao. Historia haikumsaidia. Sasa Rochdale na pointi zake 11, bila ubingwa hata mmoja, ana nini cha kuonyesha?

Walichaguliwa. Wakabaki.

Nimekaa nalo hilo swali siku kadhaa: kwa nini? Msimu huohuo kule kusini kulikuwa na Thames, timu ya London iliyokuwa ikicheza kwenye uwanja wa kuchukua watu 120,000, na Desemba 1930 iliwahi kuchezea mbele ya watu 469. Nao walishika mkia 1932, ila hawakuomba hata kura, wakafunga duka. Kwa hiyo ligi ilikuwa na nafasi za kuziba. Aldershot wakaingia, Newport County wakarudishwa, na Mansfield Town wakahamishwa kutoka kusini kuja kaskazini ili hesabu ikae sawa. Maoni yangu mimi, Rochdale waliponea hapo. Wakubwa walikuwa tayari na mashimo mawili, hawakutaka la tatu. Na pia Rochdale walikuwa na kitu ambacho Wigan hakuwa nacho: walimaliza ratiba. Walifungwa, lakini kila Jumamosi walitokea. Walioifunga Wigan walinyang'anywa pointi zao, walioifunga Rochdale walibaki nazo. Kwa ligi, timu mbovu inayofika uwanjani ni bora kuliko timu isiyofika.

Hapa ndipo nataka mnielewe. Wengi wanaitaja Rochdale ya 1932 kama kichekesho, timu mbovu kuliko zote. Mimi naona msimamo ule unaonyesha upande mmoja tu. Miji mitatu ya jimbo moja, pamba na makaa yamelala, ndani ya miezi kama 12 Nelson katolewa, Wigan kajitoa, Rochdale kabaki. Wa mwisho huyo ndiye aliyekuwa na matokeo ya aibu kuliko wote! Magoli hayakuamua nani aishi. Waliamua wenye kura, na ubishi wa watu wachache wa Spotland waliokataa kufunga geti.

Na kubaki kulilipa. Wigan ilibidi waanze upya 1932 na klabu mpya, Wigan Athletic, kwenye uwanja uleule wa Springfield Park, wakasubiri mpaka 1978 kupigiwa kura ya kuingia ligi. Nani alitolewa kuwapisha? Southport, wa Lancashire ileile ya zamani. Ndiyo hao Wigan waliokuja kuifunga Manchester City na kubeba Kombe la FA mwaka 2013. Mfumo wa kura ulifutwa 1987, ukaja wa kushuka moja kwa moja, na wa kwanza kabisa kuangukiwa na rungu hilo alikuwa Lincoln City, bingwa wetu wa 1932. Mpira hauna adabu.

Rochdale wao, hawa wa vipigo 17, walidumu ndani ya ligi miaka 102, kutoka 1921 mpaka waliposhuka 2023. Safari hiyo hakukuwa na mtu wa kumwomba kura. Pointi tu.

Haya, mimi narudi kwenye ripoti yangu ya ushirika, nimebakiza kurasa sita na ticha hana huruma. Jamaa yangu wa chumbani kasoma haya yote, kisha akaniuliza swali moja tu: hao wachezaji wa Krismasi ile, tarehe 26 walipoamka, walivaa tena jezi? Nikamwambia walivaa, kaka. Mbele yao kulikuwa na Januari na Februari nzima ya kufungwa, na walivaa.